Chakula Kiliruhusiwa Kupita, Mwenyewe Akazuiwa

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na mpishi mkuu wa hoteli moja ya pwani ya kusini niliyokuwa nikiipelekea mboga na matunda. Hakuwa na mengi. "Ile mali ya kesho, ingoje kwanza." Nikamuuliza ingoje mpaka lini. Akacheka kidogo, akasema atanipigia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alikuwa ametangazwa Ijumaa, shule zilikuwa zimeamriwa kufungwa jana yake, na wageni wa hotelini walikuwa wanagombania ndege za kurudi kwao. Mimi mali ya kesho nilikuwa nayo tayari: letisi, brokoli, hoho za rangi tatu, matikiti, kotmiri ya mafungu.

Matikiti na hoho niliyapeleka Kongowea, soko kubwa la jumla la Mombasa, siku ile ile, yakaenda kwa bei ya kutupa. Letisi haina mteja Kongowea. Mbuzi wa jirani yangu waliila siku tatu, ya nne wakaanza kuinusa tu na kuondoka.

Nalikumbuka hilo la mbuzi kila ninaposikia watu wakieleza jinsi korona ilivyoathiri biashara ya chakula. Maelezo yenyewe siku hizi yamekuwa wimbo: ugonjwa ulikuja, wateja wakapotea, biashara zikafa. Sivyo nilivyoona. Watu hawakuacha kula hata siku moja. Watoto waliokuwa wakilishwa shuleni walirudi kula kwa mama zao, na aliyezoea kula mkahawani alirudi kwenye sufuria ya nyumbani. Wakulima nao hawakuacha kulima, na mvua ya masika mwaka ule ilikuwa nyingi hata ikazidi kiasi. Mlaji alikuwepo, mboga zilikuwepo. Na serikali, tangu mwanzo, ilihesabu chakula miongoni mwa huduma muhimu; lori la viazi lilikuwa na ruhusa ya kupita kila kizuizi. Basi hasara yote ile ilitoka wapi?

Jibu langu ni kwamba waliotunga zile kanuni walikifikiria chakula kibichi kama mzigo wa saruji. Saruji ukiipa barabara imefika. Nyanya ina saa zake, na ina watu wake wanaokwenda nayo, wanaoigeuza, wanaoichagua na kuikopesha. Zile kanuni ziliruhusu nyanya kupita, zikafunga saa za nyanya na watu wa nyanya.

Tuanze na saa. Kongowea ni soko la usiku linalojifanya la mchana. Malori ya Taveta, Loitokitok, Taita na Meru huingia usiku. Mahamali hushusha gizani kwa tochi za simu, madalali hutaja bei kabla ya adhana ya alfajiri, na inapogonga saa moja asubuhi mali ya maana imeshakwenda. Anayefika saa nne anakuta mabaki na wenye mabaki wamechoka. Sasa, kuanzia Ijumaa ya tarehe 27 Machi ikaja kafyu ya nchi nzima: saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Yaani saa zilizofungwa ndizo zile ambazo soko huishi.

Mtu wa ofisini ataona mama mboga amecheleweshwa saa mbili, tatu, na hilo si jambo kubwa. Lakini mchicha uliochumwa jana jioni una siku moja tu ya kuuzwa, na siku hiyo huisha mapema, kwa sababu mwenye nyumba anataka mboga ya mchana kabla ya saa tano. Mchicha ukifika kibandani saa nne na nusu badala ya saa moja, mwenye nyumba ameshapika maharagwe. Ukicheleweshwa saa tatu umepoteza siku nzima, na kesho yake mchicha ule umelala, majani yamegeuka rangi, bei ni nusu au ni jaa. Vitunguu vinavumilia. Viazi vinavumilia. Kila jani la kijani halivumilii, na jani la kijani ndilo biashara ya maskini, kwa kuwa ndilo linaloanzishwa kwa mtaji mdogo.

Kuna bibi mmoja wa Likoni, nilizoea kumkuta Kongowea akiwa na kikapu chake cha ukili na kamba kiunoni. Safari yake ilikuwa hivi: kuvuka feri kwa miguu kungali giza, matatu mpaka sokoni, kununua, kurudi kwa tuktuk na wenzake watatu wakichangiana nauli, kuvuka tena, na saa moja asubuhi awe ameshapanga mafungu. Ile Ijumaa ya kwanza ya kafyu polisi walirusha mabomu ya machozi na kupiga watu marungu kwenye kivuko cha Likoni kabla hata saa yenyewe haijafika; picha zake zilizunguka dunia. Bibi yule hakuwepo siku hiyo, lakini alizisikia habari, na alfajiri iliyofuata hakutoka nje mpaka jua limechomoza. "Mwanangu," aliniambia nilipomkuta wiki mbili baadaye, "mie korona siijui, rungu nalijua."

Athari nyingine ya saa ilikuwa kwenye bei, na hii wengi hawakuielewa wakati ule. Mijini watu walilalamika kuwa nyanya zimepanda. Shambani wakulima walilalamika kuwa nyanya zimeshuka. Wote walikuwa wakweli, tena wiki moja. Soko lililokuwa likifanya kazi kwa muda wa saa sita au saba liliminywa likafanya kazi kwa muda wa saa mbili. Malori yote yanafika kwa pamoja, kila dereva anataka kushusha haraka ili asikutwe na jioni njiani, na mwenye mali hana nafasi ya kungoja bei nzuri. Anakubali ya kwanza. Upande wa pili wanunuzi nao wanafika pamoja, wanasukumana, wachuuzi wadogo wanakosa, na walio na gari na mahali pa kuweka wanazoa na kuwauzia wenzao mchana kwa bei wanayotaka. Faida haikupotea katika biashara ya mboga mwaka 2020. Ilihamia tu kwa mwenye stoo.

Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nairobi na viunga vyake ilikuwa imetangulia siku mbili kabla. Magari ya chakula yaliachwa yapite, kwa sharti la kubeba dereva na wasaidizi walioandikwa tu. Ukisoma kwa haraka ni sharti la busara. Ukiwa mfanyabiashara wa mboga, hilo ndilo lililovunja mgongo.

Kwa sababu mwenye mali husafiri na mali. Wanawake wa Kongowea huenda Taveta siku za soko, Jumatano na Jumamosi, fedha zikiwa zimefungwa kwenye leso. Hupita kila rundo, hupasua nyanya moja kuangalia ndani, hubonyeza tikiti kwa kidole gumba, hutukanana na dalali kwa mapenzi, hununua, wakachanga lori moja watu wanane na kurudi wamekaa mbele au juu ya magunia. Katika karatasi ya polisi hakuna nafasi ya watu hao. Wao si dereva, si utingo. Kwa hiyo mali ikaanza kusafiri bila mwenyewe.

Kilichofuata ni biashara ya picha. Dalali wa Taveta anapiga picha kreti, anaituma kwa WhatsApp, mwanamke wa Kongowea anatuma fedha kwa M-Pesa, lori linakuja. Katika picha nyanya zinameta. Kreti ikifunguliwa Mombasa, tabaka la juu ndilo lile la kwenye picha. La pili ni ndogo ndogo. La chini kabisa ni mbichi kijani au zimepasuka, na maji yanatiririka. Unampigia dalali, simu imezimwa. Nilimwona mama mmoja amemwaga kreti nzima chini, akawa anazitenga kwa mguu, nzima huku, mbovu kule, bila kuinama, kama anayehesabu matusi. Uaminifu uliojengwa kwa miaka ya kubonyeza tikiti kwa mkono ulikatika kwa miezi mitatu. Wapo madalali waliobaki waaminifu na leo wana wateja kuliko wakati wowote. Ila hasara ya miezi ile ilikuwa ya wanunuzi peke yao, kwa kuwa fedha ilitangulia na mali ikafuata.

Hapo nimtendee haki Safaricom: kuondoa ada ya kutumiana fedha zisizozidi shilingi 1,000, kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa mwaka, kulisaidia kibanda sana. Mteja wa mboga za shilingi 60 aliacha kuona tabu kulipa kwa simu, na mpaka leo hakuacha. Lakini kreti za Taveta hazinunuliwi kwa elfu moja. Na ile hatua ya kupunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili, iliyopigiwa makofi mengi, haikumgusa muuza mboga hata kidogo. Mboga mbichi haitozwi kodi hiyo. Ukipunguziwa kitu usicholipa umepunguziwa nini?

Halafu Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Kwa mtu wa pwani Ramadhani ni msimu wa mavuno wa biashara ya chakula: viazi vya katlesi, mihogo na ndizi za kupika kwa nazi, matikiti, malimau, maembe kama yapo. Soko la alasiri hufanana na sikukuu. Mwaka ule magharibi iliingia kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, na kafyu saa moja. Dakika arubaini hivi za kufuturu, kufunga kibanda na kufika nyumbani. Wauza vyakula vya barabarani walisalimu amri mapema, na aliyekuwa akiwauzia viazi akasalimu nao.

Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, waziri wa afya Mutahi Kagwe akatangaza Mji wa Kale Mombasa umefungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Siku kumi na tano, zikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Idi iliwakuta ndani. Mji wa Kale ni mtaa wa vichochoro ambamo watu hununua kidogo kidogo kila siku, nazi mbili, kotmiri ya shilingi kumi, ndimu tatu. Jokofu kubwa la kuhifadhi mboga za wiki mbili si kitu cha kila nyumba. Soko lao la miaka yote, Marikiti, liko hatua chache tu, ng'ambo ya mpaka uliochorwa na polisi. Misaada ya unga na mafuta iliingia, na waliotoa Mungu awalipe, lakini msaada hauna kotmiri. Upande wa pili wa kizuizi nilikuwa na rafiki mwenye meza ya ndimu na pilipili. Wateja wake wote walikuwa ndani, yeye yuko nje, na ndimu wakati ule zilikuwa kama dhahabu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anakunywa tangawizi na limau kujikinga. Aliziuza, naam, lakini kwa watu wenye magari waliosimama barabarani na kununua kwa kilo. Wa mafungu hawakumfikia.

Wasomaji wa Tanzania wataniambia: kwetu hakukuwa na kafyu, Kariakoo haikufungwa, na bado tuliumia. Ni kweli, na ndiyo inayonilazimisha nitenganishe majeraha mawili. Mkulima wa Lushoto anayelima brokoli, letisi na karoti ndogo ndogo kwa ajili ya hoteli za Unguja hakuzuiwa na askari yeyote. Ndege za watalii ziliacha kutua, basi. Hata kama Kongowea ingefanya kazi usiku kucha, letisi yangu ingeishia kwa mbuzi vilevile. Jeraha hilo la kumpoteza mteja lilikuwa la korona yenyewe, na sijui serikali gani ingelizuia. Jeraha la saa na watu lilikuwa letu wenyewe.

Tena hilo la kwanza halikutupata sisi tu. Aprili ya mwaka ule wafugaji wa Marekani walimwaga maziwa kwa sababu shule na migahawa iliyokuwa ikiyanunua ilifungwa, na mitambo ya kuyafunga kwa ajili ya mikahawa haiwezi kugeuzwa usiku mmoja ifunge paketi za nyumbani. Ubelgiji wenye viwanda vya viazi waliwaomba wananchi wale chipsi mara mbili kwa wiki, kwa kuwa shehena ya viazi ilikuwa imelala kwenye maghala. Nchi tajiri, barabara nzuri, majokofu kila kona, na bado mali iliyolengwa mlaji mmoja ilishindwa kumfikia mwingine. Letisi yangu na viazi vya Ubelgiji ni ndugu.

Wenzetu wa mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani ya kuuza nje, na maua walipigwa vibaya Machi na Aprili, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo wao ilikuwa ikisafiri matumboni mwa ndege za abiria, na abiria hawakuwepo. Nafasi ikawa adimu, nauli ya mzigo ikapaa. Lakini mwaka ulipofungwa, mapato ya Kenya kutokana na mboga, matunda na maua yaliyouzwa nje yalizidi ya 2019. Takwimu hiyo hutajwa sana kuonyesha tulivyo imara. Mimi huiangalia kwa jicho la pembeni, maana jumla ikipanda haikwambii ni nani aliyefika mwisho wa mwaka. Kampuni yenye mkopo wa benki ilivuka. Mkulima wa robo ekari aliyeambiwa Aprili "mishiri yako msimu huu hatuichukui" aliilisha ng'ombe.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kafyu, ingawa halina mabomu ya machozi. Ni madeni. Anayepelekea hoteli au shule chakula halipwi siku ile. Analeta mali, anasainiwa karatasi, analipwa baada ya siku 60, 90 akiwa na bahati mbaya. Yeye shambani amelipa taslimu. Kwa maneno mengine, mtu mwenye Probox moja iliyochakaa anaikopesha hoteli yenye bwawa la kuogelea, bila riba na bila dhamana. Mambo yakienda vizuri haya hayaonekani. Milango ilipofungwa Machi 2020, kila msambazaji aligundua kwa mara moja kuwa mtaji wake wote uko ndani ya jengo lenye kufuli. Letisi ya siku moja ilikuwa hasara ndogo. Kubwa ilikuwa mboga za Januari, Februari na nusu ya Machi zilizokwisha kuliwa na wageni waliokwisha kuondoka. Niliozungumza nao katika kazi hii, wengi walioanguka hawakuangushwa na mali iliyooza. Waliangushwa na karatasi zilizosainiwa. Waliokuwa wakipelekea shule walisubiri zaidi, kwa kuwa shule zilifunguliwa kwa madarasa machache tu Oktoba, na kwa wote Januari 2021.

Mama mboga, pamoja na rungu na feri na kreti za picha, alikuwa na kitu ambacho sisi wa hoteli hatukuwa nacho. Wateja wake walikuwa arubaini, kila mmoja akimdai au akidaiwa shilingi mia. Wawili wakihama, watatu wakishindwa kulipa, kibanda kinabaki. Sisi tulikuwa na mteja mmoja mwenye jina. Ushindani ulimjia kutoka pengine, kwa watu walioachishwa kazi: wahudumu wa hoteli, walimu wa shule za binafsi, makondakta, wote walipanga machungwa na vitunguu nyuma ya magari na kando ya barabara. Mtaa uliokuwa na vibanda vitatu ukawa na tisa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta unga. Ila walaji hawakuongezeka, na faida ya kila fungu ikazidi kupungua.

Kafyu ililegezwa mwezi Juni ikawa saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri; Kilifi na Kwale zikafunguliwa mwezi huo huo, Mombasa na Nairobi Julai. Ile saa moja iliyorudishwa alfajiri iliifanyia Kongowea kazi kuliko hotuba zote. Ingeweza kutolewa Machi. Kibali cha mfanyabiashara wa soko kusafiri na mali yake, kwa jina na namba ya kitambulisho, kingeweza kutolewa Aprili, maana wasaidizi wa lori waliandikwa majina vilevile na hakuna aliyeshindwa. Hakukuwa na aliyekaa mezani anayejua kwamba kuna mtu mwingine ndani ya lori lile.

Hoteli yangu ilifungua tena mwisho wa mwaka. Mpishi mkuu alinipigia, sauti ile ile, akataka letisi na hoho za rangi tatu. Nilimuuliza kuhusu karatasi za Februari. Akasema hilo ni la ofisi. Nusu ililipwa baada ya mwaka na miezi, kwa mafungu. Nusu nyingine nimeacha kuitaja. Majani sasa napeleka kwa fedha mkononi, na kwa hiyo napeleka kidogo.

Bibi wa Likoni hakurudi Kongowea. Miguu imechoka, anasema, na feri ni ile ile. Mjukuu wake anamwagizia kwa simu kutoka kwa dalali mmoja wa Taveta waliyemjaribu mara tatu kabla ya kumwamini, na kila kreti hutumiwa picha mbili: moja ya juu, na nyingine baada ya kuimwaga.